Maswali ya Wasomaji: Samaki Mwekundu wa Kwenye Mawe

Kati ya barua zilizofika mezani kwangu mwezi huu, nne zinahusu samaki wenye rangi. Waandishi wake hawajuani, lakini maswali yao yanaingiliana kiasi kwamba nimeona niyajibu kwa mfuatano na kuziacha barua nyingine zisubiri toleo lijalo. Swali la kwanza nitalikalia zaidi, kwa sababu linahusu jambo lililo umbali wa kutupa jiwe kutoka madirishani mwa wengi wetu hapa Mwanza, na ambalo wachache wetu tumewahi kulitazama.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Kirumba. Likizo iliyopita mwanangu wa darasa la sita alifuatana na mjomba wake kwa mtumbwi hadi kwenye visiwa vya mawe vilivyomo katika Ghuba ya Mwanza. Huko akavua kwa ndoana na chambo cha mnyoo samaki mdogo, asiyezidi urefu wa kidole changu cha kati, mwenye mgongo mwekundu kama pilipili iliyoiva, mbavu za njano na mistari myeusi iliyosimama. Walimtia kwenye ndoo ya maji ili nami nimwone, lakini walipofika nyumbani ndani ya ndoo kulikuwa na samaki wa kijivu tu. Watu wazima wakamcheka, wakasema huyo ni furu, chambo cha sangara, hana lolote. Shuleni nako ameambiwa kwamba samaki wa rangi kama hizo wako baharini peke yake, kwenye matumbawe. Mtoto amenuna, anasema yeye si mwongo. Naomba utusaidie. (Mama wa Kirumba, Mwanza)

Marahaba, mama. Mwanao si mwongo, na ningeomba waliomcheka wamtake radhi. Kwa maelezo uliyoyatoa, samaki aliyemvua ni dume la furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, ambaye jina lake la kitaalamu ni Pundamilia nyererei. Jina hilo lina sehemu mbili, na zote mbili ni za kwetu. Sehemu ya pili ni ya Mwalimu Julius Nyerere: samaki huyu alielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu alipong'atuka katika urais, na walioandika maelezo hayo ni Elsbeth Witte-Maas na Frans Witte, watafiti kutoka Uholanzi waliofanya kazi katika ghuba yetu hii. Sehemu ya kwanza ilikuja mwaka 1998, pale Ole Seehausen na wenzake walipowapanga upya furu wanaoishi kwenye mawe na kuanzisha jenasi, yaani kundi la aina zilizo ndugu wa karibu, waliyoiita Pundamilia, kwa ajili ya ile mistari iliyosimama ubavuni. Kundi zima la furu wa kwenye mawe walilitaja kwa jina la mbipi, neno walilolikuta midomoni mwa wavuvi wa upande huu wa ziwa. Kwa hiyo waliosema kuwa samaki yule ni furu walisema kweli; waliposema hana lolote ndipo walipokosea.

Sasa tuje kwenye ndoo, maana ndiyo iliyomponza mtoto. Rangi ya dume la mbipi haikupakwa kama rangi ya ukutani. Imo ndani ya chembechembe za ngozi ambazo samaki huzitanua na kuzikunja kwa amri ya mishipa ya fahamu na homoni, na dume huzitanua kikamilifu pale anapokuwa na mahali pake, ufa au pango kati ya mawe mawili ambalo amelipigania na kulishinda. Akiondolewa hapo, akashikwa, akatiwa kwenye chombo asichokijua, hofu humfanya akunje rangi zote. Nimewahi kumtazama mmoja ndani ya beseni jeupe akiwa bado na ndoana mdomoni: kabla hatujamaliza kumfungua, wekundu wa mgongo ulikuwa umeanza kuwa kama kutu, na kabla mtumbwi haujageuka kurudi alikuwa na rangi ya udongo uliolowa, mistari tu ikiwa imebaki kwa mbali. Kitu kimoja kilibaki pale pale, nacho ni vidoa vya duara vya rangi ya chungwa kwenye pezi la chini lililo karibu na mkia. Mwulize mwanao kama aliviona. Naamini atakujibu kabla hujamaliza swali.

Vidoa hivyo si pambo la bure. Jike la mbipi hutaga mayai machache, na mara tu akishayataga huyageukia na kuyaokota mdomoni. Hapo dume humtandazia pezi lile lenye vidoa vinavyofanana na mayai. Jike hukaribia kama mtu anayeokota yaliyosahaulika, na kwa kufanya hivyo huvuta mbegu za dume hadi kwenye mayai aliyokwisha kuyaficha kinywani. Kuanzia siku hiyo hubeba mzigo wake mdomoni kwa wiki mbili au tatu, taya limevimba, akila kidogo sana au asile kabisa, mpaka vitoto vitoke vikiwa na umbo kamili la samaki. Jike mwenyewe hana wekundu wala weusi wa dume. Ni wa rangi ya manjano iliyochanganyika na kijivu, na anayepita juu yake kwa mtumbwi hawezi kumtofautisha na jiwe.

Mwalimu wa shuleni simlaumu, kwa kuwa lugha yetu yenyewe inatuchanganya hapa. Tunasema mwamba kwa matumbawe ya Unguja na Mafia, na tunasema mwamba kwa mawe ya Mwanza, hali ya kuwa vitu hivi viwili havina asili moja. Matumbawe hujengwa na viumbe hai wadogo wanaojitengenezea mifupa ya chokaa, nao huhitaji maji ya chumvi, joto na mwanga mwingi wa jua. Mawe yetu ni itale iliyoganda chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, ikaja ikafunuliwa na mmomonyoko, na yale yanayoonekana Bismarck, Capri Point na Saanane huendelea vivyo hivyo chini ya maji, jiwe juu ya jiwe, yakiacha nyufa na mapango kila mahali. Lakini kwa samaki mdogo, mwamba wa aina yoyote humpa mambo yale yale: mlango wa kujificha, ukuta wa kuota chakula, na mpaka wa kugombania na jirani. Juu ya mawe huota utando wa mwani, na ndani ya utando huo huishi viluwiluwi vya wadudu. Wapo mbipi wenye meno yaliyosongamana kama brashi ambao kazi yao ni kuukwangua utando huo, wapo wanaonyonya wadudu kutoka kwenye nyufa, na wapo, kama huyu wa mwanao, ambao hupanda kidogo juu ya mawe na kula vijidudu vinavyoelea majini. Ndiyo maana kisiwa kimoja cha mawe, ambacho mtu hukizunguka kwa mtumbwi kabla chai haijapoa, huweza kuwa na aina nyingi za furu wanaoishi pamoja bila kunyang'anyana sahani.

Kwa nini basi awe mwekundu? Hili ndilo ninalotaka mwanao alielewe vizuri, kwa kuwa limefanyiwa utafiti hapa hapa na limesomwa duniani kote. Katika bahari iliyo safi, mwanga mwekundu hupotea kwanza kadiri unavyozama, na kinachobaki ni buluu. Katika ziwa letu, ambamo maji yana chembe nyingi za mwani na udongo, ni kinyume chake: buluu ndiyo inayopotea kwanza, na mita chache chini ya uso wa maji dunia nzima ina rangi ya machungwa. Samaki wetu ana ndugu yake wa karibu, Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la kijivu cha buluu lenye mistari ileile myeusi. Yule wa buluu hukaa sehemu za juu karibu na ukingo, na mwekundu hukaa chini zaidi. Hata macho yao yamefuata utaratibu huo, kwa kuwa jeni inayotengeneza kipokezi cha mwanga mwekundu ndani ya jicho haifanani baina yao. Yule wa chini huuona wekundu vizuri zaidi. Jike wa chini humchagua mume mwekundu, na jike wa juu humchagua wa buluu, na uchaguzi huo wa majike ndio ukuta mkuu uliosimama kati ya aina hizi mbili, maana wakipandana, watoto wao huishi na kuzaa bila shida yoyote.

Ukuta huo hutegemea maji safi. Watafiti walipowaweka majike chini ya taa ya rangi moja, ambayo ilifuta tofauti ya wekundu na buluu, majike waliacha kuchagua, wakawakubali madume wa aina zote mbili. Jambo hilo lililofanyika ndani ya matangi linaonekana pia ziwani, na mwenye mtumbwi anaweza kulifuata mwenyewe kutoka kisiwa hadi kisiwa. Huko Makobe, upande wa Ghuba ya Speke, ambako sahani nyeupe ikishushwa kwa kamba huonekana hadi zaidi ya mita 2, wekundu na wa buluu ni watu wawili tofauti kabisa. Ukiingia ndani ya Ghuba ya Mwanza, kwenye visiwa vya Python na Kissenda, maji yanazidi kuwa mazito na utaanza kukutana na wachache walio katikati. Ukifika Luanso, kusini ndani ya ghuba, ambako sahani ileile hupotea machoni kwenye takribani nusu mita, hakuna tena aina mbili. Kuna kundi moja lililochanganyika, wengi wao si wekundu wa kweli wala si wa buluu wa kweli. Hakuna mvuvi aliyewamaliza kwa wavu. Wamefutana wenyewe kwa wenyewe kwa sababu hawaonani.

Mpe mwanao pole yangu, na siku nyingine mjomba wake akimchukua, wamtazame samaki wakati angali majini, pembeni mwa mtumbwi, kabla hawajamwinua.

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, Nyamagana. Shangazi yangu anaishi Zanzibar, na tulipokwenda kumtembelea tulipelekwa kwenye matumbawe ya Mnemba. Niliona samaki mdogo wa rangi ya chungwa, mwenye mstari mmoja mweupe unaopita juu ya mgongo kutoka mdomoni hadi mkiani, akiingia na kutoka ndani ya kitu kinachofanana na ua lenye vidole vingi, bila kudhurika. Je, ni samaki gani? Na je, haiwezekani kuletwa wachache wakafugwa katika Ziwa Victoria ili watalii waje Mwanza pia? (Mwanafunzi, Nyamagana)

Marahaba, mwanangu. Umeangalia kwa makini, kwa kuwa mstari ule mmoja wa mgongoni ndio unaomtambulisha. Ni Amphiprion akallopisos, mmoja wa wale samaki wanaoishi na anemoni. Lile ua si ua; ni mnyama, ndugu wa matumbawe na wa kiwavi cha bahari, na vidole vyake vimejaa vijimshale vya sumu vinavyowaua samaki wadogo. Huyu wako huokoka kwa sababu ya ute wa ngozi yake, ambao hauichochei anemoni kufyatua mishale yake. Yeye hupata nyumba ambayo adui hathubutu kuigusa, naye hulipa kodi kwa kuwafukuza samaki wanaokuja kuitafuna anemoni, na kwa uchafu wake ambao anemoni huutumia kama lishe. Wote huzaliwa madume. Katika kila anemoni, samaki aliye mkubwa kuliko wote ni jike, anayemfuata ni mume wake, na wengine ni wadogo wanaosubiri. Jike akifa, mume wake hugeuka akawa jike, na mkubwa kati ya wanaosubiri hupanda kuwa mume.

Kumleta ziwani haiwezekani, na sababu ya kwanza ni chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi, na maji ya ziwa letu karibu hayana kitu. Mwili wa samaki wa baharini umezoea kunyang'anywa maji na bahari inayomzunguka, kwa hiyo yeye hunywa maji wakati wote na kuitoa chumvi iliyozidi kupitia matamvua. Ukimtumbukiza kwenye maji baridi, mambo yanageuka: maji humwingia bila kualikwa, chumvi ya mwilini mwake humtoka, na viungo vyake havijui kufanya kazi kinyumenyume. Atakufa kabla mtalii hajashuka kwenye ndege. Anemoni yake nayo itakufa, na matumbawe vivyo hivyo.

Lakini hata angeweza kuishi, ningekushauri usimlete, na sababu yake utaisoma katika jibu langu kwa mvuvi wa Ukerewe hapa chini.

Nikuongezee jambo moja ambalo hukuuliza. Dume la samaki wako wa Mnemba hulinda mayai yaliyobandikwa kwenye mwamba kando ya anemoni, huyapepea kwa mapezi kwa zaidi ya wiki moja, na yakishaanguliwa vitoto huchukuliwa na mkondo wa bahari kwa siku kadhaa hadi mbali na kwao. Ndiyo maana samaki huyohuyo anapatikana katika pwani ya Afrika Mashariki, Shelisheli, na hata upande wa pili wa bahari huko Indonesia. Mbipi wetu hawafanyi safari. Kitoto kinachotoka mdomoni mwa mama yake hujificha katika ufa ulio karibu, na hapo ndipo kitakapokulia, kitakapopigania jiwe lake na kuzalia, kwa sababu kati ya kisiwa chake na kisiwa cha jirani kuna sakafu ya tope ambayo hawezi kuivuka bila kuliwa. Kwa hiyo mbipi wa kisiwa kimoja huwa na rangi zilizopishana kidogo na za wale wa kisiwa cha pili, na zipo aina ambazo makazi yao yote hapa duniani ni visiwa vichache vya mawe ambavyo mtu akisimama Capri Point anaweza kuvielekeza kwa kidole. Watalii wakija, tuwaonyeshe hao.

Mhariri, pokea salamu kutoka Ukerewe. Mimi nimevua katika ziwa hili tangu kabla sijaota ndevu. Utotoni tulikula furu kila siku. Bibi aliwatunga kwenye vijiti akawaanika juani, na mzigo wa vijiti hivyo ulikuwa fedha. Baadaye wakatoweka kana kwamba mtu amewazoa kwa ufagio. Miaka ya karibuni naona tena furu kidogo kwenye nyavu za dagaa. Naomba unieleze walikwenda wapi, na kwa nini wale wa kwenye mawe hawakutoweka kama wale wa katikati ya ziwa. (Mvuvi, Ukerewe)

Ndugu yangu, uliyoyaona kwa macho yako ndiyo yaliyoandikwa na wanasayansi, na wengine wao wameyaita moja ya hasara kubwa zaidi za viumbe wenye uti wa mgongo katika zama zetu. Ziwa Victoria lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu wasiopatikana kwingine, na kinachoshangaza zaidi ni kwamba ziwa hili lilikauka takribani miaka 15,000 iliyopita, hivyo utajiri wote huo ulizaliwa baada ya maji kurudi. Hakuna kundi jingine la wanyama wenye uti wa mgongo linalojulikana kugawanyika kwa wingi namna hiyo katika muda mfupi kiasi hicho. Walikuwapo waliokula konokono, waliokula mwani, waliokula samaki wenzao, na hata waliowakaba majike na kuwatapisha vitoto walivyovibeba mdomoni.

Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda mrefu hakuonekana kuleta tofauti kubwa, kisha katika miaka ya 1980 akaongezeka ghafla, na huku kwetu kusini mwa ziwa furu wa maji ya wazi na wa sakafu ya tope walimalizika ndani ya miaka michache tu. Inakadiriwa kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka. Sisemi kwamba sangara hakutuletea kitu. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, watoto wamesomeshwa kwa sangara, na wewe mwenyewe huenda nyumba yako imeezekwa kwa sangara. Ila bei yake ililipwa na furu, na walioamua hawakujua wanalipa kiasi gani. Ndilo jibu la yule mwanafunzi wa Nyamagana: samaki akishaingia ziwani, hakuna anayeweza kumwita arudi.

Wala sangara hakuwa peke yake. Katika miaka ya 1970 furu walikokotwa kwa nyavu za meli kuliko walivyoweza kuzaana, na mbolea, udongo wa mashamba yanayomomonyoka na maji machafu ya miji yetu vililisha mwani hadi maji yakawa mazito na vilindi vikakosa hewa.

Wale wa mawe waliponea kwenye nyufa. Sangara mkubwa ni mwindaji wa maji ya wazi, na mdomo wake hauingii katika pango lenye upana wa viganja viwili. Mbipi ambaye jiwe lake liko hatua moja kutoka alipo huwahi kujificha. Yule wa maji ya wazi hakuwa na pa kukimbilia. Tishio la mbipi ni lile nililolieleza katika jibu la kwanza, yaani uchafu wa maji, na pia nyavu za macho madogo zinazozungushiwa visiwa vya mawe pamoja na kuvuliwa kwa ajili ya chambo.

Na hao unaowaona kwenye nyavu za dagaa ni kweli wamerudi. Uvuvi ulipowapunguza sangara wakubwa, baadhi ya furu wanaokula vijidudu vya maji ya wazi walianza kuonekana tena kuanzia miaka ya 1990. Waliorudi si wale wale kabisa. Mmoja wao, Haplochromis pyrrhocephalus, alipopimwa na kulinganishwa na samaki wa aina yake waliohifadhiwa ndani ya chupa tangu kabla ya sangara, alikutwa ana matamvua mapana zaidi, yanayomwezesha kupumua katika maji yenye hewa kidogo, naye anakula mawindo makubwa kuliko aliyokula babu yake. Mabadiliko hayo yametokea ndani ya umri wako wewe, ndugu yangu. Ikiwa bado wapo wazee wanaokumbuka majina ya Kikerewe au ya Kijita waliyowapa furu mmoja mmoja kwa rangi na kwa mahali wanapokaa, nakuomba uyaandike kwenye daftari na kututumia. Hayo nitayachapisha yote.

Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba furu wa Mwanza wanafugwa katika matangi ya vioo huko Ulaya na Marekani. Je, nami naweza kumfuga nyumbani? (Msomaji, Nyegezi)

Ni kweli wanafugwa huko, na Pundamilia nyererei ni miongoni mwa wanaopendwa zaidi. Unaweza kumfuga, lakini pitia kwanza ofisi ya uvuvi ya wilaya uelezwe utaratibu wa kibali, kwa kuwa kumtoa samaki ziwani kuna sheria zake. Usiwaweke madume wawili peke yao katika tangi dogo, kwani mmoja atamwandama mwenzake mpaka amuue. Weka dume mmoja na majike kadhaa, na ujaze mawe yaliyopangwa ili kila mmoja apate pa kujificha. Maji ya ziwa letu yana uvuguvugu wa nyuzi 23 hadi 27 hivi, na hayo yanamfaa. Siku za kwanza atakuwa wa kijivu kama yule wa ndoo ya Kirumba. Mpe muda achague jiwe lake, kisha mtazame asubuhi moja utakapokuwa hujamsogelea sana.

Ukimchoka, usimmwage kwenye mto, bwawa au ufuko mwingine wowote wa ziwa. Mrudishie yule aliyemvua, ampeleke kwenye kisiwa kilekile alikomtoa.